Dungu la Kulindia Maji

Mnara wa kwanza niliopanda maishani ulikuwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi. Lilikuwa dungu la mama, katikati ya shamba la uwele upande wa Mvumi, Dodoma: miti minne imesimikwa ardhini, fito zimelazwa juu na kufungwa kwa kamba za magome ya mbuyu, na paa la nyasi ambalo halikuzuia jua wala mvua, ila lilikuwa paa. Uwele ukianza kutia maziwa, ndege kweleakwelea wanakuja. Hawaji kumi wala mia. Wanakuja kama moshi, wanageuka pamoja hewani, na wakitua mahali kwa nusu saa unakuta masuke yamebaki vijiti. Kwa hiyo alfajiri unapanda dungu na kopo lenye kokoto, kombeo, na sauti yako. Ujira ulikuwa njugu mawe za kuchemsha. Ukisinzia, huli.

Mnara wa pili una mita 160, uko Kanada, na nilipanda kwa kulipa.

Katikati ya hiyo miwili hakuna mwingine. Dodoma ukitaja mnara watu wanajua unasema mnara wa simu, na ule haupandwi ila na fundi mwenye mkanda kiunoni.

Nilikuwa Toronto kwa kozi ya wiki mbili, mwezi wa kumi, baridi imeanza kuuma masikio. Binamu yangu anayeendesha lori huko Hamilton akanipigia Jumamosi asubuhi: "Dada, nakuja kukuchukua. Huwezi kurudi Dodoma bila kuiona Niagara, watu utawaambia nini?" Nikavaa koti la kuazima, tukaenda.

Nadhani wengi wa rika langu tuliijua Niagara kabla ya kuijua Kalambo. Ilikuwa kwenye vitabu vya jiografia, picha ya kijivu iliyofotokopiwa mpaka maji yakawa doa jeupe. Mwalimu aliandika ubaoni "maporomoko ya maji" na sisi tukanakili, watoto ambao mto wa kwetu ni korongo la mchanga miezi minane kwa mwaka, na ukitaka maji unachimba mchangani kwa bakuli, unasubiri yajikusanye, unachota taratibu usiyavuruge. Kalambo yetu, kule Rukwa mpakani na Zambia, inaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Yale ya Niagara yenye umbo la kwato ya farasi yana kama mita 57 tu. Lakini kimo si hoja. Niagara ni wingi.

Wingi huo niliukuta kwanza kwa chini, pale ukingoni ambapo maji yanapita karibu kabisa na mguu wako kabla hayajaanguka. Nakiri kwamba sikusikia utukufu wowote. Nilisikia uchoyo. Maji yanakuja mazito, ya kijani kama chupa ya soda, laini, yanainama kwenye ukingo kama kitambaa kinachovutwa na mtu aliye chini, halafu ghafla ni meupe. Manyunyu yakanilowesha miwani. Watu wote pembeni yangu walikuwa wanapiga picha, nami nilikuwa nahesabu madumu.

Hesabu yenyewe niliimaliza baadaye, nilipopata takwimu. Mchana, msimu wa watalii, yanaanguka mita za ujazo zipatazo 2,832 kwa sekunde. Gawa kwa dumu la lita 20: madumu 141,600. Kila sekunde. Nyumbani kwetu tukibana tunatumia madumu sita kwa siku, kwa hiyo maji ya sekunde moja, ile ya kusema "loh!", yangetutosha miaka 64 na miezi. Na kwa bei ya dumu ninalouziwa na kijana wa mkokoteni siku bomba likikauka, shilingi mia tano, ni zaidi ya milioni sabini zinamwagika bondeni kabla hujafumba mdomo.

Binamu aliniona nimenyamaza akadhani nimeguswa. "Umeona, dada?" Nikamwambia nimeona.

Kisha tukapanda mnara. Unaitwa Skylon, umesimama upande wa Kanada juu kidogo ya bonde, zege tupu lililonyooka kama mchi, na kileleni kuna duara kama sahani mbili zilizofunikana. Ulifunguliwa Oktoba 1965. Zege lake lilimiminwa mfululizo huku kalibu ya kumiminia ikipandishwa polepole pamoja nalo. Ndani ya sahani mojawapo kuna mgahawa unaozunguka, mzunguko mmoja kwa saa, kiasi kwamba unaanza supu ukitazama maporomoko na unapofika kwenye nyama unatazama maegesho ya magari. Hatukula. Bei za pale binamu aliziangalia kwa nje akacheka kwa pua.

Kinachosumbua ni lifti. Ziko nje ya mnara, tatu, ndogo, za manjano, zimeng'ang'ania zege kama wadudu, na wenyewe ndivyo wanavyoziita. Unaingia, mlango unafungwa, na badala ya kukaa kwenye shimo lenye giza kama lifti za kistaarabu, unaona ardhi ikikuacha. Safari haifiki dakika moja. Mimi nilitazama viatu vya binamu muda wote. Vilikuwa na tope la Hamilton.

Lakini juu, baada ya magoti kutulia, niliona kitu ambacho chini hakionekani.

Ukiwa chini Niagara ni ukuta: kelele, mvuke, upinde wa mvua, mwisho wa dunia. Ukiwa juu ni mto. Unauona ukitoka mbali, mpana, umetawanyika kwenye miamba na visiwa, unagawanyika mara mbili kukipita kisiwa kikubwa, upande mmoja unaangukia Kanada, mwingine Marekani, na pembeni kijipande chembamba wanachokiita shela la bibi harusi. Na juu zaidi mtoni, kabla ya purukushani yote, nikaona mstari. Ulikuwa kama daraja lililoishiwa fedha: umeanza ukingo wa Kanada, umeingia mtoni, umekatika katikati ya maji. Chini yake kulikuwa na milango, imepangana kama meno.

"Ule nini?"

Binamu alikuwa na miaka tisa huko na alishawaleta wageni si chini ya mara kumi. Hakuwahi kuuona. Akatoa simu, akasoma kimyakimya, akaanza kunitafsiria vipandevipande, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopanda. Watu wawili wakageuka.

Ni boma la kudhibiti maji. Milango 18. Lipo kwa sababu mwaka 1950 Kanada na Marekani waliandikiana mkataba wa jinsi ya kugawana mto ule. Sehemu ya maji yaende kwenye mitambo ya umeme, sehemu yaachwe yaanguke ili watu wayaangalie. Na sehemu ya kuangaliwa imewekewa saa. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Septemba, saa mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, ziachwe zisizopungua futi za ujazo 100,000 kwa sekunde, ndizo zile mita 2,832. Kuanzia 16 Septemba hadi 31 Oktoba, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Saa nyingine zote, na majira yote ya baridi: nusu yake.

"Yaani," binamu akasema, "usiku watu wakilala wanayapunguza."

Nilicheka mpaka nikashika chuma cha ukingo. Maporomoko maarufu kuliko yote duniani yako kwenye mgao!

Naomba nieleweke, sikuhisi nimetapeliwa. Mtu wa Dodoma hawezi kutapeliwa na mgao. Nilihisi kama mtu aliyekwenda kwenye jumba la tajiri akakuta jikoni kuna ndoo zimepangwa zimefunikwa kwa sinia. Mto mzima kwa wastani unabeba mita za ujazo kama 5,700 kwa sekunde. Mchana, karibu nusu ndiyo inayoanguka. Usiku, robo. Mengine yanaingia mahandaki yanayopita chini ya mji, chini ya hoteli na casino na watu wanaokula aiskrimu, hadi kwenye mitambo huko mto unakoteremkia. La karibuni lilikamilika 2013, urefu wake kilomita 10.2. Mgeni anasimama ukingoni anasikiliza ngurumo ya maji huku mengine mengi yanapita chini ya miguu yake bila sauti.

Biashara hiyo ni ya zamani. Mitambo ya kwanza mikubwa, iliyotumia kazi ya Nikola Tesla na kampuni ya George Westinghouse, ilianza kuzalisha 1895, na mwaka uliofuata umeme ukafika mji wa Buffalo. Tangu hapo kila lita pale ina wadai wawili: anayetaka kuiona na anayetaka kuwasha taa. Sisi tuliokulia kati ya Dodoma na Iringa hilo halihitaji maelezo. Mwaka 2006, ule wa giza, taarifa ya habari ilikuwa inasoma kina cha bwawa la umeme la Mtera kama inavyosoma matokeo ya mpira. Mita 690 kutoka usawa wa bahari. Chini ya hapo, mshumaa. Baba alikuwa hajui urefu wa nyumba yake mwenyewe lakini kina cha Mtera alikijua kwa sentimita.

Upunguzaji huo una faida nyingine ambayo sikuitegemea. Mwamba wa Niagara unaliwa na maji, na maporomoko yanarudi nyuma. Kwa miaka kama 12,000 yamerudi kilomita 11 hivi. Zamani yalikuwa yanakula zaidi ya mita moja kwa mwaka. Sasa, kwa kuwa maji ni machache, inakadiriwa ni kama sentimita 30. Kumbe mgao unayarefushia umri.

Minara nayo ina historia yake ya kuoneana wivu. Mwaka 1833 upande wa Marekani walijenga mnara wa mawe kwenye miamba iliyo ukingoni kabisa mwa kwato ya farasi, unaufikia kwa daraja la miguu juu ya maji yanayokimbia. Ulisimama karibu miaka 40, kisha ukalipuliwa kwa baruti. Halafu, kati ya 1961 na 1965, ikaota mitatu kwa mpigo: mmoja Marekani, miwili Kanada. Ni mambo ya madungu tu. Jirani akijenga la mita mbili na wewe unaongeza fito.

Tulikaa juu mpaka jua likazama na taa zikawashwa. Wana bodi ya kuyamulika maporomoko tangu 1925, na kweli wanayamulika, bluu, zambarau, kijani cha kukera. Binafsi nisingeweka zambarau. Saa mbili kasoro dakika tano binamu akasema, "Sasa hivi." Tukatoka sehemu ya wazi, baridi ikatupiga, tukasimama kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo. Saa mbili na nusu. Mvuke ulikuwa uleule, ngurumo ileile, zambarau ileile. Mto ulikuwa unachukuliwa nusu mbele ya macho yangu na mimi, mlinda ndege mzoefu, sikuona kitu kikiondoka.

Ila kuna siku waliona. Tarehe 29 Machi 1848 barafu kutoka Ziwa Erie iliziba mto, maporomoko yakanyamaza. Watu waliamshwa na ukimya. Wakateremka kwenye sakafu ya mto kuokota vitu, wengine wakakimbilia makanisani. Na mwaka 1969, kuanzia Juni hadi Novemba, wahandisi wa jeshi la Marekani waliziba kwa makusudi upande wao ili wachunguze mwamba. Pakabaki jabali kavu, na sarafu nyingi ambazo watalii walikuwa wametupa kwa bahati njema. Watalii hawakukoma. Wakaja kuangalia mahali ambapo maji hayapo. Hapo nilitamani kumwambia mtu wa utalii: tuleteeni, tunapo pengi.

Niliporudi nilikwenda kijijini kumsalimu mama. "Mbukwenyi," nikabisha hodi kwa Kigogo, nikaketi kwenye kigoda, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Aliziangalia moja moja akiisogeza simu mbali na macho. Maji hayakumshangaza hata kidogo. Ameokoka, ameshayaona ya Nuhu. Mnara ndio ulimvuta.

"Hili dungu lao ni la nini?"

"La kuangalia maji, mama."

"Yanaibiwa?"

Nikamweleza mkataba, milango, saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Akasikiliza hadi mwisho akichambua mlenda.

"Na huko juu mlipanda bure?"

"Tulilipa."

"Mwanangu." Akaweka ungo chini. "Mimi nilikuwa nakulipa wewe upande."

Nikamwambia nilipewa njugu mawe, si hela. Akasema njugu mawe ni hela, na kwamba mara mbili alinikuta nimesinzia akanipa hivyohivyo, ila hakutaka nijue. Basi tukahamia kwenye habari za ng'ombe wa mjomba.

Mjini, kwenye kundi letu la mtaa la WhatsApp, nilisimulia kwa kirefu. Nikapata vicheko, kisha jirani mmoja, mwalimu mstaafu, akaandika swali ambalo limenikaa: "Na hiyo ratiba yao wanaifuata?" Nikamjibu nionavyo mimi, wanaifuata, imeandikwa tangu 1950 mpaka dakika. Akajibu kwa alama ya uso unaofikiri. Kundi likanyamaza kidogo, kisha mtu akauliza kama mtaa wa Nkuhungu leo maji yanatoka. Mmoja akasema yanatoka. Mwingine akasema ya kwake yalitoka juzi. Watatu akasema shemeji yake ana rafiki anayefanya kazi huko huko kwenye maji na amesema Alhamisi. Hiyo ndiyo ratiba yetu.

Mimi sina ugomvi na mgao. Mji huu ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, ukakaa ukisubiri, halafu kuanzia 2016 Serikali ikahamia kweli na watu nyuma yake. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000 jijini. Mvua ni za Desemba hadi Aprili, milimita mia tano na kitu, na kwa miaka mingi tegemeo letu kubwa limekuwa visima virefu vya Mzakwe kule bonde la Makutupora. Bwawa la Farkwa tumelisikia mpaka tunaweza kulichora. Hesabu hiyo haiwezi kutoa maji saa 24 kwa kila mtu, hata mtoto anaona. Kinachonikera ni kukaa macho. Kule mtalii ameandikiwa saa zake na nchi mbili ili asikose kuona maji anayoyaangalia tu. Mimi ya kunywa nayalinda usiku, sijui yatakuja leo au Alhamisi ya shemeji.

Na yakija, yanakuja usiku. Kule yanapunguzwa watu wakilala. Huku yanafunguliwa watu wakilala.

Juzi nilishtuka na ile sauti. Anayeijua anaijua: bomba la uani halianzi kutoa maji, linaanza kukohoa. Linavuta pumzi, linakoroma kidogo, linatema hewa, kimya, halafu mkoromo mrefu, na tone la kutu. Nikatoka na kanga mabegani. Simu ilisema saa tisa kasoro dakika mbili. Nikapanga madumu kwenye mstari, nikaweka la kwanza chini ya koki, nikaingiza kipande cha mpira mdomoni mwake yasimwagike. Maji yalikuwa mekundu, yakawa ya chai, yakawa meupe.

Sisi na Ontario, majira haya, tumepishana saa saba. Saa tisa usiku ya kwangu ni saa mbili usiku ya kwao. Nilikaa juu ya dumu tupu nikapiga hesabu hiyo mara mbili ili nihakikishe. Wakati huohuo, dakika ileile, kule mtoni wanaanza kuyapunguza, watu wako kileleni na makoti yao, hawaoni kitu.

Dumu la kwanza lilijaa, nikabadilisha. La pili. La tatu lilichukua muda. Nyumba ya jirani taa ikawaka, nikasikia ndoo, na sauti ya mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo ya ukuta: "Dada, kwako yanatoka?"

"Yanatoka, baba. Wahi."

La nne liliishia shingoni. Bomba likakohoa tena.